Tramu, Toroli na Kapi

Mfasiri anayekuta katika Kiingereza cha Marekani kwamba kaunti fulani ya wakulima ilijengewa "trolley lines" mwanzoni mwa karne ya 20, neno linalomjia kwanza ni toroli. Akiliandika hivyo, msomaji wa Tanga au Kisumu atawaona wakulima wakisukuma vigari vya mizigo kama vile vya uwanja wa ndege. Aliyekulia kando ya Reli ya Kati huenda akakumbuka kiberenge, kile kigari cha mafundi wa njia. Mombasa nako, zama za mwanzo za ukoloni, kulikuwa na vigari vya abiria vilivyopita juu ya vijireli vyembamba vikisukumwa na watu kwa mikono, na Waingereza waliviita kwa jina hilohilo la "trolley". Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotumia umeme, na umeme ndio uliozaa istilahi hii Marekani.

Chanzo chenyewe kilikuwa kidogo sana. Katika miaka ya 1880 wahandisi walikuwa wakitafuta njia ya kuchota umeme kwenye waya wakati behewa linatembea. Baadhi yao walitundika kigari kidogo cha magurudumu juu ya nyaya, behewa likakiburura kwa kebo. Kigari hicho ndicho kilichoitwa "trolley", nacho kilikuwa na tabia mbaya ya kuanguka. Suluhisho lililodumu, ambalo mhandisi Frank Sprague alilifanyia kazi kwa mafanikio makubwa mjini Richmond, Virginia, mwaka 1888, lilikuwa kusukuma kutoka chini: nguzo ndefu juu ya paa, springi kwenye shina lake, na kichwani gurudumu dogo lenye mfereji linalobana waya kwa chini. Jina likahama kutoka kwenye kigari hadi kwenye gurudumu, kutoka kwenye gurudumu hadi kwenye behewa zima, na mwishowe likawa jina la njia.

Behewa lenyewe naliita tramu, lakini kwa gurudumu hilo hatuna haja ya kubuni wala kuazima. Gurudumu lenye mfereji linalopitisha kamba mabaharia wetu wanaliita kapi, na hili la tramu ni kapi lililopinduliwa, linalotembea lenyewe chini ya waya uliotulia. Nguzo iliyolibeba naiita upondo. Mwenye mashua huushika upondo ukiwa umelala kuelekea tezi, na wa tramu nao hulala kuelekea nyuma ya behewa, la sivyo ungenasa kwenye waya na kuvunjika. Tramu ilipofika mwisho wa njia, kondakta alishuka, akashika kamba iliyofungwa kwenye upondo na kuuzungushia upande wa pili. Katika behewa lenye pondo mbili aliteremsha mmoja na kuinua mwingine. Kapi lilipochomoka kwenye waya, ni yeye tena aliyevuta kamba hiyo na kulirudisha mahali pake, usiku au mvuani.

Umeme uliingia kwa kapi, ukateremka kwenye upondo, ukapita kwa dereva aliyeupima kwa mpini, ukazungusha mota, kisha ukarudi kupitia magurudumu na reli. Kwa hiyo reli nazo zilikuwa sehemu ya saketi, na kila zilipoungana fundi alifunga kipande cha shaba ili umeme usikwame. Mjini volti 600 zilitosha. Mashambani umeme huo wa mwelekeo mmoja ulidhoofika kwa umbali, ikabidi kujenga vituo vidogo njiani vya kupokea umeme wa nguvu kubwa na kuugeuza. Gharama hiyo ndiyo iliyotofautisha tramu ya mjini na ile ya vijijini, na kwa maoni yangu inatosha kutufanya tuzitenge kwa jina: tramu ya mitaani na tramu ya vijijini.

Kaunti ya Sonoma, kaskazini mwa San Francisco, inaonyesha vizuri tramu ya vijijini ilikuwa kitu gani. Petaluma ilisifika kwa kuku na mayai, Sebastopol kwa matufaha. Mwaka 1904 tramu ya kampuni ya Petaluma and Santa Rosa ilianza kuiunganisha miji hiyo, na baadaye ikatoa matawi kuelekea Forestville na Two Rock. Mkulima aliacha mayai na matunda yake kando ya njia, yakachukuliwa hadi gatini Petaluma, na huko meli za kampuni hiyohiyo zikayapeleka San Francisco. Reli zilipita juu ya daraja la mbao kandokando ya mto, ili behewa lisimame karibu na maji.

Kampuni ya treni za mvuke ya eneo hilo haikufurahi. Mapema mwaka 1905 mafundi wa tramu walipotaka kukatisha reli zake mjini Santa Rosa, ilileta injini zake na kuwamwagia mvuke na maji ya moto. Reli ya tramu ilikatisha hatimaye. Nasimulia kisa hiki kwa sababu kina somo kwa mfasiri: ukiandika "treni" pande zote mbili, ugomvi wenyewe hauonekani. Kwa watu wa Sonoma treni ilikuwa ile ya moshi, na tramu ilikuwa ya waya. Kwetu pia "treni ya umeme" imeshachukuliwa na ile ya Dar es Salaam hadi Dodoma, ambayo ni kubwa mno kulinganishwa na behewa moja linalosimama mlangoni kwa mfugaji wa kuku.

Magari na barabara za lami viliwachukua abiria, na mwaka 1932 tramu ya Sonoma ikaacha kuwabeba. Mizigo iliendelea chini ya waya uleule, kwa hiyo bado naiita njia ya tramu kwa miaka hiyo, ingawa hakuna aliyekata tiketi. Mwaka 1947 injini za dizeli zilishika kazi na kapi likawa halina kazi. Kuanzia hapo, mpaka mizigo ilipokoma katika miaka ya 1980 na sehemu ya njia kugeuzwa ya baiskeli na waenda kwa miguu, neno sahihi ni reli tu.