Fimbo za pool zenye ncha nyepesi

Mchezaji wa pool anapougonga mpira mweupe pembeni ili uzunguke, mpira huo hupotoka kidogo kuelekea upande wa pili. Chanzo kikuu ni uzito wa fimbo karibu na ncha, wala si ugumu wake.

Ndiyo maana kampuni ya Predator ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1994, iliacha uwazi ndani ya ncha ya fimbo yake ya mbao, 314, yenye kipenyo cha milimita 12.75. Aina ya Z, milimita 11.75, hupotosha mpira kwa kiasi kidogo zaidi.

Hata hivyo, hakuna fimbo inayoondoa kasoro hiyo kabisa. Aliyezoea fimbo ya kawaida asipojifunza upya kulenga, atakosa hata mipira aliyokuwa akiiingiza shimoni kwa urahisi.