Mtoto Akichapwa, Nani Huulizwa? Ugogo, Pwani na Shule ya Serikali

Kila mjadala wa viboko shuleni unapoibuka nchini Tanzania, hoja moja hutangulia zote: fimbo ni mila yetu, wazee wetu walilelewa nayo, na wanaotaka iondolewe wanatuletea malezi ya Wazungu. Hoja hiyo inastahili jibu la heshima, maana wengi wanaoitoa ni wazazi na walimu wanaowapenda watoto. Nitaijibu kwa kulinganisha fimbo tatu zinazojulikana na watu wa nyanda za kati: ya jandoni, ya chuo cha Kurani na ya shule ya msingi. Zinafanana kwa umbo na kwa maumivu. Zinatofautiana katika swali moja: mtoto akiumia, nani huulizwa?

Ugogo ya wafugaji na wakulima, mkoani Dodoma, ilimfundisha mtoto kazini. Mvulana alianza na ndama karibu na nyumba, akapanda hadi kukabidhiwa ng'ombe wa malisho ya mbali. Msichana alifunzwa na mama, bibi na shangazi, na hadi leo ngoma ya muheme inayopigwa na wanawake wa Kigogo inakumbusha jinsi mafunzo ya unyago yalivyobebwa na wimbo. Sitadai kwamba hapakuwa na fimbo. Katika kambi ya jando, wakati wa kiangazi baada ya mavuno, vijana walitiwa ukakamavu kwa maumivu, na viboko vilikuwamo. Lakini jando lilikuwa na mwanzo na mwisho, na lilimtoa kijana akiwa na heshima kuliko alivyoingia. Waliomsimamia walikuwa jamaa na majirani wa baba yake, watu waliolima pamoja naye na kuwekeana mifugo. Aliyezidisha mkono alijua kwamba kesho atakutana na wazee wa yule kijana.

Uislamu ulifika bara kwa misafara iliyopita Mpwapwa katika karne ya 19, baadaye kwa reli, na chuo cha Kurani kikaja nao. Bakora ya mwalimu wa chuo inajulikana pwani nzima. Kisichojulikana sana ni kwamba wanazuoni wa Kiislamu waliifikiria mapema na kwa uangalifu. Katika karne ya 9, Ibn Sahnun wa Qayrawan aliandika kitabu cha adabu za walimu, akaweka kikomo cha mapigo 3 katika kufundisha Kurani, na zaidi ya hapo akataka idhini ya baba wa mtoto. Ibn Khaldun, katika karne ya 14, alikwenda mbali zaidi: ukali, alisema, humfanya mwanafunzi kuwa mvivu na mwongo, kwa kuwa hujifunza kujificha ili asipatwe na adhabu. Na pwani yenyewe ina mapokeo marefu ya kufunza kwa maneno. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alipotaka kumwachia binti yake wosia wa maisha, alimtungia utenzi.

Methali tunayoitumia kuitetea fimbo, mcha mwana kulia hulia yeye, nayo ina masharti yake. Inamwambia mzazi, mtu ambaye malezi yakiharibika atalia mwenyewe. Haimpi ruhusa ya kuchapa mtu asiye na cha kupoteza.

Fimbo ya tatu ilikuja na serikali. Dodoma ni mji uliokuzwa na Reli ya Kati, iliyofika hapo mwaka 1910 chini ya Wajerumani, na utawala huo ulikuwa umekwisha kuifanya fimbo kuwa hesabu. Amri ya mwaka 1896 iliweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja, vile ambavyo watu wetu waliviita hamsa ishirini. Waingereza wakaleta Sheria ya Adhabu ya Viboko ya mwaka 1930, pamoja na mfano wa shule yao ya kengele, viranja na fimbo ya mwalimu mkuu. Shule za misheni, ambayo kwa upande wa Anglikana ilifika Mpwapwa mwaka 1876, zilikuwa na aya za Mithali za kuiunga mkono fimbo hiyo. Hapa ndipo mkono ulipotenganishwa na ukoo. Aliyechapa aliwajibika kwa ofisi iliyomtuma. Wazazi wa mtoto hawakuwa na pa kumuulizia.

Uhuru ulirithi mpangilio huo na kuupanua. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwakusanya watu wa mkoa vijijini, Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, na mwaka 1977 mpango wa elimu hiyo, uliojulikana kama UPE, ukajaza madarasa kwa watoto wengi kuliko walimu waliokuwapo. Yalikuwa mafanikio makubwa ya haki. Lakini Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilifuatwa na kanuni za mwaka 1979 zilizoruhusu viboko 6. Darasa lilipofurika, fimbo ikawa njia ya mkato.

Kanuni za mwaka 2002 zilipunguza viboko hadi 4. Zinataka kosa liwe zito, mwalimu mkuu achape mwenyewe au akasimu kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike akiwapo, na kila adhabu iandikwe katika daftari. Ukizisoma vizuri, ni jaribio la kulifanya daftari lishike nafasi ya wazee. Kila aliyesoma shule zetu anajua kilichotokea: foleni ya waliochelewa mbele ya mwalimu wa zamu, na darasa zima kuchapwa kwa kelele za wachache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu watoto 409 wa shule moja ya msingi nchini ulikuta asilimia 95 wamewahi kuadhibiwa kimwili na mwalimu. Haiwezekani wote hao wawe na makosa mazito. Agosti 2018 mwanafunzi wa miaka 13 mjini Bukoba alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu kwa tuhuma ya wizi wa mkoba, na mwaka uliofuata mahakama ikamtia mwalimu huyo hatiani kwa mauaji. Swali la nani huulizwa lilipata jibu mahakamani, mtoto akiwa ameshazikwa.

Wengine wametutangulia, nasi tujifunze kwao bila kuwapamba. Uingereza, iliyotuletea fimbo ya shule, iliiondoa katika shule zake za serikali mwaka 1987. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, lakini walimu wengi waliendelea kuchapa, ishara kwamba marufuku peke yake haitoshi. Uganda imetuonyesha kinachoongezwa. Katika shule 42 za msingi za wilaya ya Luwero, nusu yake zilifuata mpango wa miezi 18 uliowashirikisha walimu, wanafunzi na uongozi kutafuta adhabu zisizo za kupiga. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba waliopigwa na walimu katika wiki iliyotangulia utafiti walikuwa asilimia 31, dhidi ya karibu 49 katika shule nyingine.

Wapo watakaosema: basi turudishe fimbo pamoja na uwajibikaji wa wazee. Haiwezekani. Mwalimu mwenye darasa la watoto 80, aliyehamishiwa kijiji asichokijua, hawezi kuwa jamaa wa kila mtoto, na si haki kumtwika mzigo huo. Tunachoweza kurithi ni ule uwajibikaji, na fimbo tuiache.

Bunge linalokaa Dodoma lilipitisha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayokataza adhabu za kikatili lakini ikaacha nafasi ya marekebisho yaliyo ya kiasi. Nafasi hiyo ifungwe, na kanuni za mwaka 2002 zifutwe. Kamati za shule, ambamo wazazi wamo, zipewe haki ya kuona kila adhabu inayotolewa na kumwita mwalimu aieleze. Walimu nao wapewe madarasa yanayofundishika na mafunzo ya nidhamu bila kupiga. Anayefanya hivyo haivunji mila ya Ugogo wala ya pwani. Anaitimiza katika lile lililokuwa bora kwake: hakuna mkono unaomgusa mtoto ambao wazazi wake hawana haki ya kuuhoji.