Ralanti ya pikipiki: safari kutoka skrubu hadi kisanduku cha umeme

SALAMABILA – Pikipiki inapokwama kwenye matope kati ya Salamabila na Kasongo, na injini ikazimika kila mara dereva anapoachilia gesi, anayeumia si dereva peke yake. Nyuma yake pengine amekaa mama mwenye uchungu wa kuzaa anayepelekwa hospitali. Pengine ni familia iliyobeba godoro na masufuria ikikimbia risasi. Ndiyo maana jambo dogo ambalo mafundi huita ralanti, yaani mwendo wa injini wakati gesi haijavutwa, lina historia inayowagusa wakaaji wengi wa teritwari za Kasongo na Kabambare.

Katika karne ya 19, Kasongo ilikuwa mji mkubwa wa biashara chini ya Tippu Tip, na mizigo ilisafiri kwa vichwa na mabega ya watu. Baadaye reli ilijengwa, lakini haikufika Salamabila. Njia ya Kindu kwenda Kongolo inapitia Samba, ng'ambo ya pili ya Lualaba. Kwa hiyo upande wa Kabambare ulibaki kutegemea miguu, baiskeli, lori wakati wa kiangazi, na mwishowe pikipiki.

Kati ya pikipiki zilizojulikana sana katika kazi za misheni, mashirika na zone za afya nchini Congo ni Yamaha AG100. Ilibuniwa kwa ajili ya watu wa mashamba. Injini yake ni ya mapigo mawili, inachoma mafuta ya injini pamoja na esanse, na inalishwa na kabureta. Fundi aliyejua bisibisi na bugi aliweza kuitengeneza chini ya mti.

Kabureta haina akili, ina mvuto tu. Hewa inayonyonywa na pistoni hupita mahali pembamba, mwendo wake huongezeka, nayo huvuta esanse kutoka kwenye kikombe kidogo chenye boya. Ralanti hupangwa kwa skrubu mbili: moja huzuia gesi isifunge kabisa, nyingine hupima mchanganyiko wa hewa na esanse. Pikipiki nyingi ndogo za kazi hupangwa karibu na mizunguko 1,400 kwa dakika. Ikishuka mno, injini inazimika. Ikipanda mno, inakula esanse bure, inapata joto, na gia ya kwanza inaingia kwa kishindo.

Umeme ulianza kuongoza injini za pikipiki kupitia cheche, kabla ya kufika kwenye esanse. Zamani cheche iliamriwa na platini, vipande viwili vya chuma vilivyofunguka na kufungana. Vilikuwa vinaungua na kuchakaa, na muda wa cheche ulipoteza mahali pake. Mwaka 1969 Kawasaki ilitoa pikipiki ya H1 ya sentimita za ujazo 500 ikiwa na mfumo wa CDI, kisanduku kinachohifadhi umeme na kuuachilia kwa ghafla kwenye bugi. Miaka ilivyopita, kisanduku hicho kikawa cha kawaida hata kwenye pikipiki za bei nafuu.

Wamotari wengi hawajui kwamba Boxer na TVS wanazopanda, pamoja na kabureta zake, tayari zina kisanduku hicho. Kwenye ralanti, cheche hutoka mapema kidogo tu kabla pistoni haijafika juu, ili injini itulie. Mizunguko ikiongezeka, cheche husogezwa mbele zaidi, kwa sababu moto unahitaji muda wa kuenea na pistoni haingoji. CDI ikiharibika au ikibadilishwa na isiyo ya aina yake, ralanti inaweza kuyumba na nguvu kupungua mlimani, hata kama kabureta ni safi kama sahani. Fundi anayezungusha skrubu siku nzima atachoka bure.

Hatua ya pili ilikuwa kuiondoa kabureta yenyewe. Katika magari, kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mfumo wa injeksioni ya umeme uitwao D-Jetronic mwaka 1967. Kwa pikipiki, Kawasaki iliuza Z1000 yenye injeksioni mwaka 1980, Honda ikafuata na CX500 Turbo mwaka 1982, na BMW ikatoa K100 mwaka 1983. Hizo zilikuwa pikipiki kubwa za matajiri. Ilichukua kama miaka 20 teknolojia hiyo kushuka hadi kwenye pikipiki ndogo za Asia. Kilichoisukuma zaidi ni sheria za moshi. India, inakotoka Boxer na TVS, ilianza kutumia kanuni kali ya BS6 tarehe 1 Aprili 2020, na pikipiki nyingi zinazouzwa huko zikahamia injeksioni.

Katika mfumo huo, vihisi huipasha habari kompyuta ndogo: injini ina joto gani, gesi imefunguliwa kiasi gani, hewa ina msukumo gani, pistoni iko wapi. Kompyuta hukadiria, kisha hufungua injekta kwa elfu chache za sekunde. Pampu husukuma esanse kwa nguvu, kwenye pikipiki nyingi karibu na bari 3. Asubuhi injini ikiwa baridi, kompyuta huongeza esanse, na kwenye pikipiki nyingi huachia pia hewa zaidi kupitia kijia cha pembeni, ralanti ikapanda yenyewe. Injini ikipata joto, huishusha polepole. Kazi ya kuvuta choki inaisha.

Je, kompyuta inaongeza nguvu? Nguvu inatokana na wingi wa hewa inayoingia kwenye silinda na kuchomwa vizuri. Kompyuta haiwezi kugeuza injini ya 125 kuwa ya 200. Inachofanya ni kuzuia hasara. Mfano ni Bukavu, iliyo kwenye mita karibu 1,500 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Kabureta iliyopangwa huko kwa esanse kidogo, ikishuka hadi mabonde ya Maniema, hukutana na hewa nzito na mchanganyiko wake unakuwa mkavu: injini inapata joto na kukohoa. Pikipiki ya injeksioni hupima hewa na kujirekebisha njiani. Lakini hata hiyo, ikipanda Bukavu, itapoteza nguvu, kwa sababu kompyuta haitengenezi hewa.

Swali kwa Salamabila ni kama faida hiyo inalingana na maisha ya barabara. Esanse nyingi huuzwa kwa chupa na bidoni, mara nyingine ikiwa na maji au mchanga. Kabureta ikimeza maji, skrubu ya chini ya kikombe hufunguliwa, maji humwagika, safari inaendelea. Injekta ikiziba, au pampu ikiungua, kunahitajika kifaa na kipuri. Betri ikifa, pikipiki ya kabureta kwa kawaida huwaka kwa teke, lakini nyingi za injeksioni hazina umeme wa kuendesha pampu.

Hilo lilikuwa jambo zito mwaka 2018 na 2019, mapigano yalipozunguka mgodi wa dhahabu wa Namoya na maelfu ya watu wakahama makwao. Kwa familia inayokimbia, pikipiki inayowaka kwa teke la kwanza ni zaidi ya chombo cha biashara. Na kwa familia iliyopoteza shamba, mara nyingi ndiyo mali pekee iliyobaki.

Hata hivyo injeksioni inakuja, na mafundi vijana wanapaswa kuijua. Ufunguo ukizungushwa, pampu inapaswa kulia kidogo kwa sekunde chache. Kimya ni dalili ya kwanza. Taa ya injini ikipepesa, inahesabiwa: kwenye Honda nyingi, kupepesa kurefu ni kumi na kufupi ni moja, na namba 7 huelekeza kwenye kihisi cha joto, 8 kwenye kihisi cha gesi. Skrubu ya ralanti isiguswe kabla ya hapo.

Kwa pikipiki ya kabureta, mpangilio ni ule ule wa wazee wa kazi: injini ipate joto kwanza, fitri ya hewa isafishwe, kikombe kimwagwe, bugi ikaguliwe, mpira wa kuingiza hewa utazamwe kama umepasuka. Skrubu ije mwisho. Anayeanza na skrubu anauficha ugonjwa, nao utajitokeza tena njiani, usiku, abiria akiwa nyuma.