Njia za mukuba juu ya vilima vya Likasi



Historia ya Likasi watu wengi huianza na treni. Reli ilifika Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, mwaka 1910. Mwaka 1913 ikafika Kambove, na hapo, tunaambiwa, ndipo mambo yalipoanza. Hata shuleni ndivyo tulivyofundishwa. Lakini ukitoka Kikula asubuhi na kupanda vilima, utapita juu ya njia ambazo zilikanyagwa na watu miaka mamia mbele ya treni hiyo.

Kwa nini timu yetu, ambayo kazi yake ni kupokea familia zilizorudi, kuandika majina na kusimamia vikundi vya akiba, imeanza kutembea milimani? Ni juu ya swali moja ambalo linarudi kila mara kwenye mikutano yetu: nani ni mwenyeji hapa? Tuko na vijana waliozaliwa Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi, kisha 1992, ambao wazazi wao walikulia Likasi, wakafukuzwa, halafu wakarudi. Sokoni wanaitwa wageni. Basi kiangazi hiki tuliwachukua vijana kadhaa pamoja na wazee wa chama na wazee wa Kisanga wa vijiji vya karibu, tukaenda kutafuta njia za zamani kwa miguu.

Njia yenyewe huioni kama barabara. Kwanza unatafuta kilima chenye kipara. Miti ya msitu wetu, ile ya miombo, haipendi udongo wenye mukuba mwingi, kwa hiyo juu ya kilima unakuta majani tu na maua madogo. Wataalamu wa mimea wanayaita maua ya shaba. Moja kati yao, Haumaniastrum katangense, linaota mahali udongo umejaa shaba. Wazungu waliotafuta madini waliyafuata maua hayo, na wachunguzi wa mambo ya kale nao wameyafuata, maana yanaota vilevile mahali ambapo bakubwa ba zamani waliyeyusha mukuba. Tanuru limevunjika, moto umezimika zamani, lakini ua linaonyesha bado. Kijana mmoja aliuliza kama ua hilo linaweza kupandwa mbele ya ofisi yetu. Tulimwambia hatuna mukuba ya kulilisha.

Ukiinama hapo unaokota vipande vya udongo vilivyoungua, mirija ambayo ilipitisha hewa ya mivukuto, na mavi ya chuma, yale mabaki meusi mazito ya kuyeyusha. Mzee wa Kisanga aliyekuwa nasi alishika kipande cha mrija, akakigeuza mkononi, akasema: "Bantu banapita hapa kila siku, banazani ni majiwe tu."

Kazi ile ilikuwa ya kiangazi. Mtama ukishavunwa, watu walitoka vijijini na kuweka kambi karibu na mgodi. Wanaume walichimba kwa vyuma vifupi, wakiingia katika mashimo membamba. Wanawake na watoto waliokota malakiti, jiwe la kijani, na kulichagua. Wengine walikata miti na kuchoma makala. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu. Mvua ikikaribia, kambi ilivunjwa na watu wakarudi mashambani. Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikti aliyesimamia misheni ya Kikatoliki katika Katanga, aliandika juu ya kazi hiyo katika miaka ya 1920, na akawaita mafundi wale walaji wa mukuba. Sisi tunaona jina hilo haliwatendei haki. Aliyekula mukuba kwa kweli alikuja nyuma yao.

Kilichotoka kwenye tanuru kiliweza kumiminwa katika umbo la msalaba, na huo ndio msalaba ambao Katanga ya Moïse Tshombe iliuweka kwenye bendera yake mwaka 1960, mara tatu. Ila msalaba huo hauna uhusiano na kanisa, na uliwahi kusafiri mbali sana. Kule Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, wachimbaji wa mambo ya kale mnamo 1957 na 1958 walifukua makaburi na kukuta misalaba ya mukuba pamoja na wafu. Ya zamani ni mikubwa. Kadiri karne zilivyopita ikawa midogo na ya kufanana, ndiyo maana wataalamu wanasema iligeuka kuwa pesa. Ziwa Kisale haliko na mukuba. Lazima mtu aliibeba, kichwani ao begani, toka nchi ya vilima kama hivi vyetu.

Wengine walikuja kuifuata kutoka mashariki. Kalasa, baba ya Msiri, alikuwa Msumbwa wa nchi ambayo leo ni Tanzania, na alifanya biashara ya mukuba ya Katanga. Mtoto wake alikuja, akabaki, akajenga ufalme wa Wayeke na mji mkuu Bunkeya, kaskazini ya Likasi. Kwa njia hiyo hiyo ilipita pembe ya tembo, chumvi, bunduki, na watumwa. Hapa tulisimama kidogo na vijana, kwa sababu njia za kale si hadithi tamu peke yake. Wasanga waliumia chini ya Msiri, na mwaka 1891 waliasi. Tarehe 20 Desemba ya mwaka huohuo Msiri aliuawa na watu wa msafara wa kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold, na Katanga ikaingia mikononi mwa dola yake.

Mwaka 1892 alipita Jules Cornet, mjiolojia Mbelgiji. Vitabu vinasema aligundua utajiri wa Katanga. Alichokikuta yeye, na waliomfuata wakamkuta vilevile, ni mashimo ambayo tayari yalichimbwa na wenyeji. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilifungua migodi yake mingi juu ya mashimo hayo. Kwa hiyo migodi mikubwa ilikula migodi midogo, na pamoja nayo njia zilizoifikia. Njia zingine ziko chini ya maji: bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilipomalizika mwaka 1930, ziwa Tshangalele lilifunika bonde.

Shinkolobwe hatukwenda, na tunaomba memba yeyote asiende, hata kwa kuangalia tu. Uranium ilitambuliwa pale mwaka 1915, na ile ya bomu la Hiroshima kwa sehemu kubwa ilitoka pale. Mahali pamefungwa kwa amri ya serikali tangu 2004, na mwaka huohuo mashimo yaliporomoka na kuua wachimbaji. Wazee wetu wako na mengi ya kusimulia juu ya Shinkolobwe. Tutawasikiliza wakiwa wamekaa kwenye kiti, hapa mjini.

Sasa turudi kwa treni, maana ndiyo iliyowaleta wazazi na mababu wa wengi kati yenu. Kampuni haikupata watu wa kutosha karibu. Ilichukua watu Rhodesia ya Kaskazini, ikachukua Rwanda na Burundi katika miaka ya 1920, ikachukua Kasai, zaidi kisha reli kuunganisha Bukama na Port-Francqui, leo Ilebo, mwaka 1928. Mji ukakua, ukaitwa Jadotville mwaka 1931, ukarudishiwa jina la Likasi mwaka 1966. Mkasai aliyezaliwa kambi ya Panda ao ya Shituru hakuwa na kijiji kingine cha kukumbuka.

Mwaka 1992 aliambiwa kijiji chake kiko kule. Kisha Étienne Tshisekedi kuchaguliwa waziri wa kwanza mwezi wa Agosti, wanasiasa wa jimbo walichochea watu, Wakasai wakaitwa bilulu, wadudu, na hapa Likasi maelfu walikimbilia stesheni na mashuleni wakingoja treni. Walingoja wiki, wengine miezi. Kuna waliokufa palepale, na kuna waliokufa njiani ndani ya mabehewa. Tata mmoja wa chama, aliyetembea nasi siku zote tatu, hakusema neno lolote juu ya habari hiyo milimani. Alipofika stesheni, tuliposhuka, ndipo alipowaonyesha vijana ukuta ambao mama yake alilala chini yake. "Na hapa ni njia ya zamani," alisema. "Muandike na hapa."

Tumeandika. Kwenye ramani tunayochora, stesheni iko pamoja na vilima vya tanuru.

Na haitakuwa sawa kutumia ramani hiyo kusema kwamba Likasi haiko na wenyewe. Wasanga ndio wenye udongo huu, ndio waliotuonyesha pa kukanyaga, na mmoja wao alituambia wazi kwamba anaogopa wageni watakuwa wengi kuliko makaburi ya mababu zake. Tulimjibu kwa heshima kwamba hata sisi makaburi yetu yako hapa. Mazungumzo hayakuisha siku hiyo. Lakini yalifanyika tukiwa tumekaa juu ya jiwe moja, tukila muhogo mmoja, jambo ambalo miaka thelathini iliyopita halikuwezekana.

Kinachotusumbua ni muda. Vilima viwili kati ya vile tulivyopanda vimeanza kuchimbwa, na wachimbaji wa mkono hawana sababu ya kuacha kipande cha udongo kilichoungua. Hatuwalaumu, wengi ni watoto wa memba wetu. Tunaomba tu vitu vitatu: mwenye mzazi anayekumbuka njia ao kambi aje ofisini tumrekodi kabla ya mvua, anayechimba na kukuta mrija, mavi ya chuma ao msalaba asivunje wala kuuza, atuite, na marafiki wafadhili watusaidie na mashine ya kurekodi sauti, maana tunatumia simu ya mtu mmoja na imejaa.

Matembezi yanayofuata yataelekea upande wa Kambove. Viatu vya kufunga, maji, na barua ya ruhusa ya chifu, ambayo tumekwisha kuomba.