Lahajedwali na Tahajia: Nani Mkaguzi wa Maneno?

Taarifa ya fedha ikitoka kwenye kompyuta na hesabu zikilingana, ofisi nzima huridhika. Lakini maneno yaliyomo amekagua nani? Swali hili lina historia yake.

Mwaka 1961 Les Earnest, wa chuo cha MIT nchini Marekani, alikuwa akitengeneza programu ya kusoma mwandiko wa mkono. Ili isikisie ovyo, aliipa orodha ya maneno 10,000. Mwaka 1971, huko Stanford, Ralph Gorin akaandika programu iliyoitwa SPELL, ya kukagua tahajia. Neno lisilokuwamo katika orodha lilitiliwa shaka, kisha programu ikatafuta maneno yanayotofautiana nalo kwa herufi moja.

Lahajedwali ilikuja kwa njia nyingine. VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston, iliyotoka mwaka 1979, ilikusudiwa hesabu. Maneno yalikuwa mgeni tu. Ugeni huo haujaisha. Excel inayowekwa kwenye kompyuta haipigi mstari mwekundu chini ya neno lililokosewa ndani ya seli, kama Word ifanyavyo. Mwandishi huomba ukaguzi mwenyewe kwa kubonyeza F7. Akiwa amechagua seli chache, ukaguzi huishia humo, na kisanduku cha maandishi kilichobandikwa juu ya chati hubaki nje. Kumbe mkubwa wa ofisi husoma chati kwanza!

Excel 5 ya mwaka 1993 ilileta lugha ya Visual Basic, na kwa lugha hiyo mtu huweza kuandika makro, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata yenyewe. Makro hupita kisanduku hadi kisanduku, huchukua neno moja moja na kuiuliza kamusi, nayo hujibu ndiyo au siyo. Kwa mwenye chati mia moja, huo ni msaada mkubwa.

Hata hivyo, kamusi hujibu swali moja tu: neno hili lipo? Aliyekusudia kuandika "deni" akaandika "dini", atapita salama, maana yote mawili ni Kiswahili safi. Tena kitenzi chetu hakiorodhesheki: atalipa, hatutawalipa, wangelipwa, mpaka lini? Na kamusi ikiwa ya Kiingereza, karibu kila neno letu litaonekana kosa. Karani atachoka, atabonyeza "puuza, puuza", na kosa la kweli litapita katikati ya hayo ya uongo.

Kwa hiyo makro itumike, F7 ibonyezwe, lakini taarifa ichapwe na isomwe na mtu wa pili, kuanzia vichwa vya chati. Deni likiitwa dini mbele ya benki, kompyuta haitaitwa kujieleza. Ataitwa aliyetia sahihi. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.