Jina Lililokatazwa

Katika utoto wangu, kiangazi kilipokaza na uwanja wa shule ukawa vumbi tupu, chamchela zilipita mbele yetu karibu kila mchana. Vumbi liliinuka likazunguka kama pia, likachukua majani makavu, karatasi, na safari moja kanga ya bibi yangu iliyokuwa imeanikwa. Sisi watoto tulizikimbilia. Bibi alitukataza, si kuzikimbilia tu, bali hata kuzitaja. Maana yasemwa kuwa ndani ya chamchela mna jini, na jini akiitwa huitika. Basi tulinyamaza mpaka ipite. Mimi nilinyamaza, lakini macho sikuyafumba. Na tangu siku zile hata leo, umri wangu ukiwa umevuka miaka arobaini, sijapata kuupa kisogo upepo uzungukao.

Kisa nitakachokieleza ni cha nchi ya mbali, nacho chahusu ofisi ya serikali iliyofanya kama alivyofanya bibi yangu: ilikataza jina.

Kwanza yafaa tuyatenge maneno. Magazeti yetu huandika "kimbunga" kwa mambo mawili yasiyofanana. Upepo ulioipiga Unguja tarehe 15 Aprili, 1872, ukaangusha mikarafuu na kuzamisha merikebu za Sayyid Barghash, na ule ulioitwa Hidaya, uliofika pwani ya Tanzania mwezi wa Mei, 2024, zote mbili ni dhoruba za baharini: hudumu siku nyingi, na upana wake ni mamia ya kilomita. Lakini ile Wamarekani waiitayo tornado hushuka kutoka katika wingu la radi hata ardhini. Upana wake kwa kawaida hauzidi mita mia kadhaa, na mara nyingi haimalizi hata robo saa. Walakini pale ipitapo huacha msingi wa nyumba bila nyumba. Nitaiita chamchela, nikijua ya kuwa chamchela yetu ya vumbi huzaliwa na joto la ardhi wala haihitaji wingu. Ni jamaa kwa umbo, si kwa nguvu.

Marekani hupigwa na chamchela zaidi ya elfu moja kila mwaka, kuliko nchi nyingine yoyote. Hewa ya unyevu itokayo Ghuba ya Mexico hukutana juu ya tambarare na hewa kavu ya magharibi. Na pepo za juu zikivuma kwa upande na kasi isiyokuwa ya zile za chini, wingu zima huanza kuzunguka.

Mtu wa kwanza kuzichungua kwa bidii ya miaka mingi alikuwa John Park Finley, askari wa Idara ya Ishara ya jeshi, ambayo zama hizo ndiyo iliyotabiri hali ya hewa. Mwaka 1879 alitumwa kuzikagua nchi zilizopigwa mwezi wa Mei, Kansas na jirani zake. Baadaye akakusanya habari za chamchela 600, akaandikiana na mamia ya waangalizi, na mwezi wa Machi, 1884, akaanza kutabiri kwa majaribio. Katika utabiri 2,803 alisema amepata sawa mara 2,708, yaani zaidi ya tisini na sita katika kila mia. Mwaka ule ule mtaalamu wa miamba, G. K. Gilbert, akamwonyesha dosari: mtu ambaye angesema kila siku "haitakuja", bila hata kutazama mbingu, angepata sawa mara 2,752, akamshinda!

Hesabu hii huwapa wanafunzi wangu kila mwaka, ili wajue jinsi tarakimu ziwezavyo kusema kweli na kudanganya kwa kinywa kimoja. Finley alisema "itakuja" mara 100. Ilikuja mara 28, haikuja mara 72. Tena zilikuja 23 ambazo hakuzitaja. Gilbert hakukosea. Walakini yule msema "haitakuja" hamwokoi mtu hata mmoja, na hilo halikuwamo katika hesabu.

Wakubwa wa idara walizitazama zile 72 wakaingiwa na hofu. Walihofu ya kuwa watu wakilisikia jina lenyewe watafadhaika, na ya kuwa fadhaa itadhuru kuliko upepo. Basi tangu mwaka 1887 hivi hata 1938, neno lile katika utabiri mara likakatazwa kabisa, mara likachukiwa tu. Kazi ya hewa ilihamishiwa idara ya kilimo mwaka 1891, lakini mwiko haukuachwa nyuma. Karani aliyeona dalili zote mbele yake aliandika "dhoruba za radi", akatia nukta.

Ndani ya ukimya huo ikaja tarehe 18 Machi, 1925. Chamchela moja ilianza Missouri, ikavuka Illinois, ikaishia Indiana, mwendo wa kilomita 350 kwa muda wa saa tatu u nusu. Iliua watu 695. Katika mji wa Murphysboro pekee walikufa 234. Huko De Soto shule iliwaangukia watoto, wakafa 33. Wengi walioiona hawakuitambua, kwa sababu ilikuwa imejifunika mvua na vumbi, haina ule mkonga ushukao ambao kila mtu aliutazamia. Sidai ya kuwa wataalamu wa siku ile wangeweza kuibashiri. Hawakuwa na rada, wala hawakujua pepo za juu zilivyokuwa. Lakini elimu isiyoruhusiwa kutaja kitu chake haikui, na miaka karibu arobaini ilikuwa imepita tangu Finley anyamazishwe.

Mwiko ulivunjwa na wanajeshi, tena kwa sababu ya ndege, si ya watu. Usiku wa tarehe 20 Machi, 1948, chamchela iliangukia kambi ya Tinker, Oklahoma, ikaharibu ndege za mamilioni ya dola. Jenerali Fred Borum akawaagiza maofisa wawili, Ernest Fawbush na Robert Miller, wachunguze kama yawezekana kuitabiri. Siku ya tano, tarehe 25, ramani ya hewa ikawa kama ile ya kwanza. Jenerali akawauliza: mtatabiri? Chamchela kupiga mahali pamoja mara mbili kwa siku tano ni jambo lisilosadikika. Hata hivyo wakaandika. Ndege zikaingizwa ndani. Miller akaenda nyumbani akidhani amejiaibisha, na karibu saa kumi na mbili za jioni chamchela ikapita juu ya kambi. Hapana aliyekufa.

Baada ya hapo ofisi ya raia haikuweza kunyamaza tena. Mwezi wa Julai, 1950, mkuu wake, Francis Reichelderfer, aliwaandikia watumishi wake kuwa wasiwape watu dhana ya kwamba ofisi haitaki kutabiri chamchela; na Machi, 1952, tangazo la kwanza kwa umma likatolewa.

Hapa ningependa kuandika kwamba ukimya ulishindwa na watu wakaokoka. Wengi wameokoka, ndiyo. Lakini tarehe 22 Mei, 2011, mji wa Joplin, Missouri, ulionywa kwa ving'ora dakika nyingi kabla, na bado walikufa zaidi ya 150. Wachunguzi wa serikali walikuta ya kuwa wengi, kwa kuwa wamezoea ving'ora, walingoja kwanza ishara nyingine. Hata katika miaka yetu, maonyo saba hivi katika kila kumi hupita bila chamchela kutokea. Msomaji azikumbuke zile 72 za Finley. Wakubwa wa 1887 waliogopa kuwa watu watalikimbia jina mno. Kumbe hatari ya pili ni kulizoea.

Nimeishi mwaka mmoja Kansas, nikifundisha Kiswahili. King'ora cha kwanza kilinikuta mezani. Nikakimbilia chumba cha chini ya nyumba, na bibi mwenye nyumba, aliyezidi miaka sabini, akanifuata mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. "Rudi, Mwalimu, leo wanajaribu tu." Nilijifunza upesi, nikazoea. Jioni moja ya Mei kililia tena, na siku ile haikuwa ya majaribio. Mbingu ilikuwa kijani kama maji ya mikoko. Mimi nilikwenda barazani. Wingu lilikuwa likizunguka polepole, pana kuliko mji, na miguu yangu haikutaka kuondoka. Bibi yule alinishika mkono kwa nguvu nisiyoitarajia, akasema maneno ambayo bibi yangu angeyaelewa bila mkalimani, akaniteremsha. Tulikaa gizani, taa ya betri katikati yetu, yeye akisikiliza redio na mimi nikisikiliza ukuta.

Ilipita kaskazini ya mji, mashambani, haikudhuru mtu. Tulipopanda juu bibi alimshukuru Mungu. Mimi nami nikaitikia amina. Lakini moyoni nilikuwa nikisikitika kwamba sikuiona.