Nani Alikuwa Akikusemea?

Aprili 1977, katika pande mbili za bahari ya Pasifiki, watu wenye ulemavu waliambiwa watoke wakagoma. San Francisco, tarehe 5, zaidi ya mia moja waliingia katika ofisi za serikali ya Marekani zilizosimamia afya, elimu na ustawi wa jamii, wakaweka kambi. Mwezi huohuo, Kawasaki nchini Japani, watu wenye mtindio wa ubongo walipanda mabasi ya mjini na viti vyao vya magurudumu, wakakataa kushuka, na mabasi yakashindwa kuondoka.

Ukiwatazama kwa mbali utadhani ni mgomo mmoja. Sivyo. Wa San Francisco walikuwa wakimdai waziri saini yake. Wa Kawasaki, ukiacha kampuni za mabasi, walikuwa na ugomvi wa zamani na mama zao.

Hapo ndipo ningependa aanzie mtu anayetaka kuwa mtetezi wa haki zake au za wenzake. Semina zetu (zile za siku tatu, zenye kalamu, daftari na posho) hufundisha namna ya kusema: jitambulishe, eleza tatizo, taja sheria, omba jambo moja linalotekelezeka. Si mafunzo mabaya. Ila huruka swali la mwanzo: kabla hujafungua mdomo wako, nani alikuwa akikusemea? Kila jamii imejenga utetezi wake kumkabili msemaji huyo, na ukiuchukua mzimamzima ukaupeleka kwingine utajikuta unapigana na mtu ambaye hayupo. Waswahili wana methali kali kuhusu nguo ya kuazima, sitaimalizia hapa.

Marekani msemaji alikuwa mtaalamu. Daktari, mkuu wa shule, ofisa wa serikali: hao ndio waliojua kilicho bora kwako. Judith Heumann, aliyepata polio akiwa na mwaka mmoja na nusu, alikataliwa shuleni Brooklyn kwa hoja kwamba kiti chake kingekuwa hatari moto ukizuka. Mwaka 1970, akiwa amehitimu, alinyimwa leseni ya ualimu New York kwa hofu za namna ileile. Akaishtaki bodi ya elimu, bodi ikalegea, akaingia darasani. Kule Berkeley, Ed Roberts, ambaye usiku alihitaji mashine ya chuma ili apumue, alianza chuo kikuu mwaka 1962 akilazwa katika hospitali ya chuo kwa kuwa hapakuwa na bweni la kumfaa. Miaka kumi baadaye yeye na wenzake wakaanzisha kituo cha maisha ya kujitegemea, na kujitegemea kwao hakukuwa na maana ya kuvaa shati bila msaada. Maana yake ilikuwa kwamba anayekuvalisha shati hakuchagulii shati.

Mgomo wa San Francisco ulitokana na sentensi moja. Kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973 kilikataza mradi wowote unaopewa fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu. Sheria ikasainiwa, ikawekwa. Bila kanuni za utekelezaji ilikuwa karatasi tu, na kwa karibu miaka minne hakuna waziri aliyezisaini kanuni hizo. Watetezi walikuwa wamezisoma rasimu neno kwa neno, na Waziri Joseph Califano alipotaka kuzipitia upya walijua hasa ni nini kingepunguzwa.

Picha zilizobaki ni za ukaliaji ule. Kilichoushindisha hakionekani sana pichani. Kitty Cone, mratibu aliyejifunza kazi katika vyama vya mrengo wa kushoto, alikuwa ameshazunguka kabla ya siku yenyewe, akizungumza na makanisa na vyama vya wafanyakazi, na kamati zilishapangwa. Simu zilipokatwa, viziwi walisimama madirishani wakapeleka ujumbe nje kwa lugha ya alama. Ghafla waliohesabiwa kuwa hawana mawasiliano ndio pekee waliokuwa nayo. Black Panthers walileta chakula cha moto kila siku, kwa sababu mwenzao Brad Lomax, mtumiaji wa kiti cha magurudumu, alikuwa ndani. Ujumbe ulioteuliwa kwenda Washington ulibebwa mjini humo kwa lori la mizigo, kwani hapakuwa na gari jingine la kupakia viti vyao, na chama cha mafundi wa mashine kilisaidia. Califano alisaini tarehe 28 Aprili. Anayetaka kuiga San Francisco aanze na jiko na orodha ya marafiki, ukaliaji aufikirie baadaye.

Sasa Kawasaki. Kisa chake kilianzia Yokohama mwaka 1970: mama mmoja alimuua binti yake mdogo mwenye mtindio wa ubongo. Majirani na vikundi vya wazazi walikusanya saini wakiomba aonewe huruma: mama wa watu amechoka, serikali haikumjengea taasisi ya kumpeleka mtoto. Huruma yote ilikwenda kwa aliye hai. Chama cha Aoi Shiba no Kai, cha watu wazima wenye mtindio wa ubongo, kilisimama peke yake kikauliza: na aliyeuawa? Yeye anasemewa na nani? Kutokana na hapo mshairi Yokota Hiroshi na wenzake wakaandika msimamo ambao hadi leo ni mgumu kuumeza. Waliukana upendo. Walisema mapenzi ya mzazi yanayohitimisha kwamba mtoto huyu ni afadhali asingekuwepo ni adui, hata yakibubujikwa na machozi.

Kampuni za mabasi zilipodai kwamba mwenye kiti cha magurudumu lazima aje na mtu wa kumshika, Aoi Shiba walilisikia dai lilelile kwa sauti nyingine: nenda na mama. Ndiyo maana waliganda ndani ya basi. Hawakuandaa marafiki kama Cone, hawakutaka kupendwa na abiria, na abiria hawakuwapenda. Mimi naona ukali wao ulikuwa na gharama kubwa. Lakini naona pia kwamba mtu aliyelelewa ndani ya huruma hawezi kujitoa humo kwa adabu tupu.

Waingereza nitawapitia haraka, kwa sababu mchango wao unajulikana zaidi kama nadharia. Paul Hunt, aliyewahi kuishi katika makazi ya hisani ya watu wenye ulemavu, aliandika barua katika gazeti la The Guardian mwaka 1972 akiwaita waliofungiwa kama alivyofungiwa yeye wajiunge. Pamoja naye akawa Vic Finkelstein, aliyekuwa amefungwa Afrika Kusini kwa kupinga ubaguzi wa rangi. Msemaji wao alikuwa mfadhili na meneja wa makazi, kwa hiyo walidai kwamba kinachomlemaza mtu ni ngazi, sera na milango, na wakaweka sharti kwamba uanachama kamili wa chama chao ni wa wenye ulemavu wenyewe.

Mito hii ilikutana mwaka 1980 mjini Winnipeg, Kanada, katika kongamano la wataalamu wa utengemao. Wajumbe wenye ulemavu waliomba nusu ya nafasi za uamuzi. Wakakataliwa. Mwaka uliofuata, Singapore, wakaunda shirika lao la kimataifa, ambalo baadaye liliongozwa na Joshua Malinga wa Zimbabwe. Kaulimbiu ya hakuna lolote kuhusu sisi bila sisi, inayopamba fulana zetu kila tarehe 3 Desemba, siku ya watu wenye ulemavu duniani, Mmarekani James Charlton aliisikia mwaka 1993 kutoka kwa Waafrika Kusini wawili, Michael Masutha na William Rowland, nao walikuwa wameisikia kwa mjumbe wa Ulaya Mashariki.

Uganda ilichukua njia ambayo San Francisco wasingeiota. Vyama vya watu wenye ulemavu viliungana mwaka 1987 kuwa NUDIPU, wakati serikali ya Yoweri Museveni ikiipanga nchi kwa makundi: wanawake, vijana, wafanyakazi, jeshi. Watetezi hawakukaa mlangoni; waliomba kuwa kundi mojawapo. Katiba ya 1995 ikatambua lugha ya alama, na watu wenye ulemavu wakapewa wabunge watano. Sheria ya serikali za mitaa ya 1997 ikaongeza madiwani wawili, mwanamume na mwanamke, katika mabaraza kuanzia wilayani kwenda chini. Alex Ndeezi, kiziwi, aliingia Bungeni mwaka 1996 na mkalimani wake. Fikiria maana yake kijijini: mtu aliyezoea kufichwa uani anaitwa mheshimiwa, na bajeti ya barabara inapita mbele yake.

Sidharau hata kidogo ushindi huo. Kenya ilikwenda njia inayofanana mwaka 2010, ikaweka katika Katiba kwamba Lugha ya Alama ya Kenya ni miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Lakini kiti kina tabia yake. Ibara iliyowapa nafasi wenye ulemavu ndiyo iliyowapa wanajeshi, na kundi lililoingia kwa mlango wa mwenye nyumba hupata shida kumfokea mwenye nyumba. Wabunge watano katika Bunge ambalo sasa lina zaidi ya wabunge 500 wanaweza kuzungumza na kupiga kura. Kuzuia jambo ni kazi nyingine. Wanachaguliwa na wajumbe, si na mwananchi wa kawaida, kwa hiyo anayefuata swali la nani anasema lazima aulize la pili: aliyetumwa anarudi kuulizwa na nani?

Tanzania msemaji wa zamani si daktari, wala si mama peke yake. Ni ukoo mzima, halafu mfadhili, halafu serikali. Kila anayetumia kiti cha magurudumu analijua dirisha la hospitali ambapo karani humuuliza anayemsukuma, huyu anaumwa nini? Na kuna jambo dogo ambalo mgeni asingeliona: mtu wa miaka sitini, mtoto anapita mbele yake bila kumwamkia, kana kwamba ulemavu umemfutia umri. Jibu la hapa lilikuwa chama. Wasioona walikuwa na chao, TLB, tangu miaka ya 1960. Wenye ualbino wakaunda chao mwaka 1978. Viziwi wakafuata na CHAVITA katika miaka ya 1980, na mwaka 1992 vyama vikashikamana chini ya SHIVYAWATA. Zanzibar walitangulia kwa namna yao: UWZ, katikati ya miaka ya 1980, iliwaweka wa kila aina ya ulemavu katika chama kimoja, jambo ambalo Bara lilihitaji shirikisho ili kulifikia.

Utetezi huu huzungumza haki, lakini mara nyingi hupitia mlango wa heshima, na sioni kwamba ni udhaifu. Mtendaji wa kata anaweza kukipuuza kifungu cha sheria. Ni vigumu zaidi kumpuuza mzee anayedai mbele ya kikao aamkiwe kama wazee wenzake. Tatizo ni kwamba heshima hugawiwa kwa ngazi, na binti wa miaka ishirini asiyeona anakaa ngazi ya chini kabisa. Yeye anahitaji kitu kinachohesabika. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi ahakikishe angalau asilimia tatu ni watu wenye ulemavu. Binti huyo akiingia ofisini na idadi ya wafanyakazi wote na idadi ya wenye ulemavu, hahitaji kuwa mzee.

Watu wenye ualbino walilazimika kujifunza mengi kwa muda mfupi, kwa sababu waliuawa. Rais Kikwete alimteua mwenzao, Al-Shaymaa Kwegyir, kuwa mbunge mwaka 2008. Mwaka 2010 mwingine wao, Salum Khalfani Barwany wa chama cha CUF, alishinda jimbo la Lindi Mjini, na hili kwangu lina uzito wa pekee: hakupewa kiti cha kundi, alichaguliwa na watu wa Lindi awapelekee hoja za Lindi. Kisha Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mjini Arusha, iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za watu wenye ualbino. Waliofungua kesi ni taasisi tatu za wanasheria. Ilibidi, maana kesi ya aina hiyo inataka ujuzi na miaka. Ila msemaji aliyevaa joho bado ni msemaji, na hukumu sasa inawasubiri wenyewe waidai utekelezaji.

Nimewaacha mwisho wenye ulemavu wa akili, kama wanavyoachwa karibu kila mahali. Mwaka 1974, Oregon, watu waliotoka katika taasisi ya Fairview walianzisha kundi la People First na kuendesha mkutano wao wenyewe. Msaidizi asiye na ulemavu aliruhusiwa, na tangu hapo ugomvi ni uleule: msaidizi anaanza kwa kuandika kumbukumbu, anaishia kupanga ajenda. Vikundi vya Uingereza hutumia kadi za rangi mkutanoni; anayeinua nyekundu amesema sijaelewa, simameni, na mkutano unasimama hata kama anayezungumza ni waziri. Huku kwetu vyama vya ulemavu huu kwa kiasi kikubwa viko mikononi mwa wazazi, waliowabeba watoto mgongoni hadi zahanati wakati hakuna mwingine aliyejali, na kuwatendea kama Aoi Shiba walivyotaka ni kuwadhulumu. Hata hivyo mtoto huyo sasa ana miaka thelathini. Mkutano ukiitishwa Temeke au Chake Chake na kadi zikagawiwa, huenda ya kwanza akainuliwa mama yake mwenyewe, na mwenyekiti lazima awe ameshaamua tangu jana kwamba atamwomba mama akae.